Kwa vijana wa utumishi: msitie saini msichoweza kukieleza

Wanangu mlioko ofisi za utumishi,

Najua mzigo mlio nao. Tangazo la nafasi mbili linaleta maombi rundo, bosi anataka majina mezani Ijumaa, na muuzaji wa programu anaapa kwamba akili mnemba (AI) itawachuja waombaji wote kwa dakika chache. Siwakatazi kuitumia. Nawasihi mjue inachofanya.

Programu hizi hufunzwa kwa kumbukumbu za zamani. Amazon, kampuni kubwa ya Marekani ya biashara ya mtandaoni, walianza kutengeneza yao mwaka 2014, wakailisha wasifu wa waombaji wa miaka kumi iliyotangulia, wengi wao wanaume. Ikajifunza kuwashusha alama waliotaja, kwa mfano, unahodha wa klabu ya sataranji ya wanawake. Wahandisi waliirekebisha, lakini hawakuweza kuhakikisha kwamba haitabagua kwa njia nyingine, na mradi ukafungwa. Shirika la habari la Reuters lilifichua habari hiyo Oktoba 2018. Hakuna aliyeiamuru ibague, na hapo ndipo ninapoogopa.

Sasa tazameni kwetu Tanzania. Dada aliyekaa nyumbani miaka mitatu akimuuguza mama yake, wasifu wake unaonyesha pengo tu. Kijana aliyeshika hesabu na kuagiza mizigo ya duka la mjomba wake Kariakoo hana cheo cha kuandika. Ofisa makini angewaita usaili awasikilize. Programu itawapa alama ndogo, na hawatajua waliangukia wapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kubagua, hata kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na inamlinda pia anayeomba kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo imegusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Mkiitwa kujieleza, mtaitwa ninyi. Muuzaji atakuwa ameshalipwa.

Kabla ya kununua, mwulizeni programu yake imefunzwa kwa kumbukumbu za nani. Akijibu kwamba ni siri ya biashara, muageni kwa heshima. Baada ya kila mchujo, someni kwa macho yenu baadhi ya waliokatwa, mwone wanawake, wenye ulemavu na waliosoma vyuo vya mikoani wameishia wapi. Na mwombaji akipiga simu kuuliza kwa nini amekosa, kama jibu pekee mlilo nalo ni "mfumo umekataa", litoeni faili lake mlisome upya.

Mzee wenu, mstaafu wa utumishi