Dada, Bi Mkubwa hagawiwi miezi sita sita

Asalaam alaykum Dada, shikamoo. Mie mzima, baridi ndo hivyo tena tushaizoea. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nlikuwa ndani ya basi nikaizima maana nlihisi ntajibu kwa sauti mbele za watu.

Kwanza habari nzuri, nimepata leseni ya gari! Mtihani nimepita mara ya kwanza, na huku Uingereza watu wanarudia weee mpaka wanachoka, kazini kwetu yupo mmoja karudia mara 5. Mwambie Kaka Mkubwa, si ndo yeye aliyekuwa akinicheka kuwa hata baskeli ya kwenda Mtambwe ilinishinda.

Sasa hilo la kwenye voisi yako, la laki 8. Yani Mama akae miezi 6 Unguja kule Mwanakwerekwe, miezi 6 Dar kwa yule mwengine, nyumba yake ya Wete, Pemba, ipangishwe, na mie nitoe hela ya kutengeneza chumba na nauli ya boti. Bi Mkubwa kawa godoro la wageni? Nani kamuuliza mwenyewe? Na msimu wa karafuu ukiingia atachambua nini kule Mwanakwerekwe, vitunguu?

Unaikumbuka Baghban? Ile filamu ya Kihindi ya Amitabh na Hema Malini, ya 2003, stelingi mwenyewe mzee. Sie tuliipata baadae kwa sidii ya kukodi, tukajaa ukumbini mpaka watoto wa jirani, Mama yuko mkekani na sinia la karafuu anachambua huku anatizama. Wazee wale wana watoto wanne, baba mtu kastaafu benki, watoto wakakaa kikao wakawagawa, baba kwa huyu mama kwa yule, miezi sita sita. Pale wanapopigiana simu Mama aliacha kuchambua, konyo, vile vikonyo vya karafuu, mkono mmoja, karafuu mkono wa pili, machozi tu. Halafu umeme ukakatika, enzi zile za majenereta, waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba 2010. Asubuhi sidii ikarudishwa maana ukilala nayo tena unalipa tena. Mwisho hatukuuona. Mama akasema "watasamehewa tu, si wanawe wale", basi ukawa ndo mwisho wetu.

Mie miaka yote nikijua ile ni filamu ya kuliza akinamama. Sasa hapa Leicester, kwenye nyumba ya wazee nnapofanya kazi, yupo bibi wa Kihindi mzaliwa wa Kampala, katoka Uganda 1972 Amin alipowafukuza, Kiswahili bado anacho, kile cha jikoni, "wewe lete chai, sukari nyingi, usiambie sista". Mwezi uliopita zamu ya usiku hapati usingizi nikamwambia chagua filamu nikuwekee, akachagua hiyo hiyo. Karibu saa tatu nzima, nikawa nakwenda kwa wengine narudi. Ilipofika ile ya simu akanyoosha kidole kwenye tivii, "mimi hiyo". Ana watoto watatu Dada, wote wamo mji huu huu.

Asubuhi nimekaa kituoni nikaanza kuhesabu. Sie wanne. Na Salman wa kwenye filamu, yule mtoto wa kulea anaekuja kuwachukua wazee, wetu ni kijana wa jirani anaempeleka Mama kliniki na pikipiki yake. Nikafungua simu nitizame nlivyompigia: Ijumaa dakika 4, Ijumaa dakika 3, Ijumaa hamna. Nnapiga nikikimbilia basi, "naam Mama, naam, haya Mama mtandao mbaya", na mtandao hauna lolote. Skuizi nnapiga nimekaa, jiko nimezima. Juzi kanieleza dakika 20 habari za kuku wa jirani aliyetaga ndani ya kabati la vyombo, lile la mlango mmoja, mpaka rangi ya mayai nimeijua. Zamani ningemkata kwenye kabati. Na hata kazini, mzee akinambia jambo lile lile mara ya saba siku hizi namuuliza suali, ati na yeye anafurahi.

Kwa hiyo laki 8 sitoi. Ntaleta laki 6, kwa jina lako si la Kaka, uezeke upande wa jikoni kunakovuja, inayobaki mpe yule kijana ya mafuta. Kaka akisema nimekuwa Mzungu mwache aseme. Najua na mie sina uso, miaka 9 sijakanyaga Wete, hilo tusilifungue leo. Mwakani inshaallah.

Yule anaekuja mwezi ujao mpe karafuu za Mama kidogo, bibi wa Kampala anazitaka kwenye chai.

Hawakusamehewa Dada. Baba mtu kawakataa wanawe, na mama mtu vilevile. Ijumaa ulimi uliniponyoka nikamwambia Mama safari hii nimeiona mpaka mwisho, akauliza, "enhe, wamesamehewa?"

Nikamwambia mtandao mbaya.