YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROGRAMU YENU YA KUREJESHA FAILI ZILIZOFUTIKA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu ya kurudisha fedha mnayajua, sina haja ya kuwanukulia.

Nilinunua leseni kwa sababu ya alama ya kijani. Toleo lenu la bure lilipekua diski yangu ya SSD (ile inayohifadhi data kwenye chipu), likaorodhesha picha 2,316 za marehemu mama yangu, kila moja na jina lake, na mbele ya kila jina likaweka alama ya kijani na kuandika: "Hali: nzuri sana." Likanitaka nilipe ndipo nizipate. Nikalipa papo hapo. Zimerudi zote 2,316, na hakuna hata moja inayofunguka. Niliitazama moja kwa programu inayoonyesha baiti za faili. Picha ya aina ya JPEG, kama hizo, huanza na baiti mbili, FF D8. Hii ni sifuri tupu, mwanzo hadi mwisho.

Mhudumu wenu alinisubirisha dakika 50, kisha akanieleza kwamba faili ikifutwa kwenye SSD, amri ya TRIM huijulisha diski, nayo husafisha data yenyewe. Yanayobaki ni majina kwenye jedwali la faili. Nikamuuliza: kama hilo mnalijua, ile alama ya kijani ilipima nini? Akajibu, "Ulipaswa kuwa na nakala rudufu. Kuna jingine nikusaidie?" Nikiwa bado naandika, akafunga mazungumzo.

Na kabla ya hapo nilikwisha kuwatumia barua pepe mbili. Zote zilijibiwa kwa maelekezo ya kuingiza namba ya leseni, jambo ambalo sikuliuliza.

Naomba nilirudie hili la mhudumu, maana ndilo linaloniuma. Namwambia mtu kwamba hizo ni picha za mama niliyemzika, yeye ananikaripia kuhusu nakala rudufu. Neno "pole" halikumtoka. Swali langu lilikuwa nusu, dirisha likafungwa. Hadi leo halijajibiwa: mliwezaje kuandika "nzuri sana" juu ya faili ambayo programu yenu haikuisoma hata baiti moja?

Mwanzoni nilitaka fedha zangu tu. Sasa hazitoshi. Rudisheni fedha zote. Ondoeni tangazo lenu la kurejesha faili "asilimia 100, diski yoyote", na mwenye SSD aonywe kabla ya kulipa, si baada. Mhudumu yule aniombe radhi kwa maandishi.

Nawapa siku 7. Zikipita, nitaiomba benki yangu iyabatilishe malipo, na mamlaka ya kulinda walaji itapokea picha zote za skrini pamoja na mazungumzo yale, ambayo niliyahifadhi neno kwa neno. Msinitumie tena maelekezo ya namba ya leseni.

Wenu,
Mteja mwenye leseni