Usikate pale babu aliposahau

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Huku baridi imeshaingia, naandika nikiwa na koti. Shemeji na watoto hawajambo hapo Iringa?

Nimefurahi kusikia unataka wanafunzi wako wasikilize kanda za babu akighani mashairi yake. Ila hilo la kukata pale anaposahau ubeti, hapana.

Kanda zenyewe zilikuwa nne, ndani ya kopo la biskuti juu ya dari ya jiko kule Tukuyu, na mvua ya Tukuyu unaijua. Moja ilikuwa imeota ukungu mweupe. Fundi redio wa hapa sokoni aliuhamishia mkanda kwenye ganda jingine, akauzungusha kwa kalamu polepole, na kila upande ukiisha anasafisha hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma mkanda, kwa spiriti. Ya pili kuna mtu aliirekodia kwaya juu yake. Babu hakuvunja vile vijino vya mgongoni mwa kanda, ambavyo vikivunjwa hairekodiki tena, basi dakika 30 zimekwenda. Siku ile hata chakula hakikupita.

Zilizobaki nimeziingiza kwenye kompyuta kwa WAV, faili za sauti zisizobanwa. Ni nzito, karibu megabaiti 10 kwa dakika, ndiyo maana sikukutumia kwa WhatsApp. Nami sikutaka kuzibana mpaka pumzi za babu zipotee.

Sasa sikiliza kanda ya tatu. Daftarini aliandika “Ndizi za Rungwe ni tamu, ukazila na maziwa.” Kwenye kanda anaghani “Ndizi za kwetu ni tamu.” Mizani ni ile ile, silabi nane kwa nane, lakini shairi limehamia nyumbani. Ubeti wa nne unamponyoka. Kimya. Jogoo anawika. Halafu bibi, toka jikoni, anamtajia mstari, naye anacheka na kuudaka. Sauti ya bibi hatuna pengine popote, na wewe unataka niikate!

Wala babu si wa kwanza. Mwaka 1889 huko Uingereza walimrekodi mshairi Robert Browning kwenye mashine ya Edison ya kurekodi sauti. Akaanza shairi lake mwenyewe, likamtoka kichwani, akaomba radhi humo humo. Akafariki Desemba mwaka huo. Hawakuifuta, na hadi leo watu wanaisikiliza.

Kwa hiyo wasikilizishe yote, na jogoo wake. Wakicheka, waache wacheke. Ila msirushe mtandaoni kwanza: sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na sijamaliza kuongea na wajomba. Yule mdogo mgumu kidogo.

Flashi nampa kondakta wa basi la asubuhi, Jumatano. Nimeifunga kwenye soksi, usishangae. Kaiwahi stendi, na ukishainakili nirudishie na soksi yangu.

Wako,
Mjukuu wa malenga