Vitu vya kujaza kopo moja

Mikindani, Mtwara

Mtani wangu,

Salamu zako zimefika, na kejeli zako nazo zimefika. Eti bado nalea mzoga? Basi jua mzoga sasa una pistoni mpya, na marehemu baba mdogo aliyeniachia hii Volkswagen angekusikia angekutafutia bakora. Lakini sikuandikii kubishana. Wewe uko Dar, maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani unayapita unavyotaka, na mimi huku nimekwama kwa vitu ambavyo vyote kwa pamoja vinaenea kwenye kopo la Blue Band.

Ndiyo maajabu ya injini hizi. Vitu vikubwa havisumbui. Wajerumani waliacha kuunda Beetle ya kawaida kwao mwaka 1978, ila Mexico waliendelea nayo hadi 2003, na Brazil walikuwa wakitoa Kombi zenye injini ya kupozwa kwa hewa hadi 2005. Kwa hiyo pistoni na silinda za milimita 77 za hii 1300 niliziagiza, zikaja kwenye boksi lake, zinang'aa. Kinachokosekana ni washa (zile pete bapa za chuma), kilipu, raba ndogo kama pete, kibati cha kiganja. Aliyeifungua hii injini miaka ya nyuma, Mungu amsamehe, alikuwa anarudishia nusu ya alivyotoa.

Nati na bolti zina mtego wake. Za milimita 6 na 8 hazina neno; unachomoa kwenye skrepa yoyote ya Toyota, zinaingia. Ukifika milimita 10 na 12 ndipo mambo yanapogeuka. Mjerumani amekata thredi za hatua ya milimita 1.5, yaani umbali wa jino hadi jino, Mjapani mara nyingi 1.25. Kwa macho zinafanana kabisa. Ukizungusha kwa mkono inaanza vizuri, halafu inagoma, na kijana mwenye nguvu akiona imegoma anaongeza bomba kwenye spana. Bloku yenyewe ni ya magnesiamu, siyo chuma, kwa hiyo kinachokufa ni thredi za bloku. Stadi mbili za silinda hedi, zile bolti ndefu zinazoishikilia, nilizikuta zinacheza kwenye matundu yake.

Hapo ndipo nilipompata mzee mmoja mkereza vyuma, mjini Mtwara, ambaye maisha yake yote ametengeneza mashine za kusaga na injini za boti. Volkswagen hajaishika miaka mingi, wala hana hata kitabu chake. Akanichongea bushi za chuma, nje thredi za milimita 14, ndani 10, tukazizamisha kwenye bloku na stadi zikakaa humo. Alikataa katakata kutoboa kwa drili ya mkono. Tundu likienda upande, stadi inainama, na hedi haikai sawa tena.

Huyu mzee, kabla hajashika kitu, anauliza: kinakaa kwenye moto? kwenye oili? kinazunguka? Ukijibu hapana zote tatu, anatengeneza huku anakupigia soga za Simba na Yanga. Ukijibu ndiyo hata moja, soga zinakatika. Mimi naona maswali hayo yanatosha kabisa, na nimeshaanza kuyatumia bila kumwambia.

Mabati, kwa mfano, tumeyatengeneza wenyewe. Nakuomba unisikilize hapa, maana najua utacheka. Watu wanayaona mabati ya Volkswagen ni urembo, wanayatupa, kisha wanalalamika injini inachemka kwenye joto la pwani. Feni inasukuma hewa baridi juu ya silinda, ikishapata moto inatokea chini. Bati ndilo linalozuia ile ya moto isipande tena kuvutwa na feni. Ukiacha tundu la ukubwa wa yai, injini inavuta hewa iliyokwisha kupata moto. Na kwenye hii yetu kipoza oili kimesimama ndani ya boksi la feni, mbele ya silinda namba 3, kwa hiyo hiyo silinda inapata makombo. Nilipofungua hedi, valvu ya ekzosi iliyokuwa imeungua ilikuwa ya huko huko.

Chumvi ya bahari hapa Mikindani ilikuwa imekula vibati vya pembeni vyote. Nikachora umbo lake kwenye boksi la sabuni, nikakata bati la pipa kuukuu, nikalipiga tupa, nikatoboa matundu ya skrubu za milimita 6. Ule mpira mrefu unaozunguka chumba cha injini nimeuchonga kutoka mpira wa mlango wa lori bovu. Hauna oili, haushikwi na moto mkali, kazi yake ni kuziba tu, basi unaniridhisha. Hata zile raba za mviringo kwenye waya za plagi, ambazo hakuna anayezikumbuka, nazo zinaziba matundu ya bati. Nimekata za tyubu ya baiskeli.

Washa nyembamba za puli ya jenereta nazo nimezikata kwa bati hilo hilo. Zinakaa katikati ya nusu mbili za puli. Ukitaka beliti ikaze unapunguza za katikati, unazihamishia nje zisipotee. Beliti ndiyo inayozungusha feni, ikikatika njiani kwenda Masasi unazima hapo hapo, hata kama ni porini.

Washa za shaba za chujio la oili, zile sita chini ya injini, sikununua. Nilizichoma kwenye jiko la mkaa zikawa nyekundu, nikazitumbukiza majini. Kisu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba inalainika, inakaba tena kama mpya. Gasketi za karatasi nimekata mwenyewe, isipokuwa za chini ya pampu ya petroli nimekuwa nazo makini sana, maana unene wake ndio unaoamua kirodi kinachosukuma pampu kitokeze kiasi gani. Kinatakiwa kutokeza kama milimita 13 kikiwa juu kabisa. Ukiweka kadibodi nene, petroli inafika kwa uvivu, na wewe utahangaika na kabureta bure.

Sasa yaliyonishinda, ambayo ndiyo kazi yako.

Kwanza, raba za mirija ya pushirodi, zile fimbo zinazosukuma valvu. Kijana mmoja hapa aliniambia nikate za tyubu. Tyubu ndiyo dawa yetu ya kila kitu, lakini kwenye oili ya moto inavimba, inalegea, na injini inalowana chini. Zipo nyeupe za silikoni, chukua seti nzima ya kumi na sita. Mirija yenyewe ninayo, nimeivuta ifike milimita 190, na nitaifunga mshono ukiangalia juu.

Pili, raba za kipoza oili. Zipo za aina mbili na muuzaji atakuambia zote sawa. Mwambie bloku ina matundu ya milimita 8.

Tatu, washa za nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Hizi zinakaa tatu, siku zote tatu, na mwendo wa krenki, shafti kuu ya injini, mbele na nyuma unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Mzee tulimwuliza kama anaweza kukereza moja nene badala ya tatu. Akaigeuza geuza ile ya zamani, akanirudishia, akasema katafute. Niletee za 0.30, 0.32, 0.34 na 0.36, hata kuukuu, mradi hazina mikwaruzo.

Nne, kilipu za pini za pistoni, maana kwenye boksi hazikuwemo. Usinitumie mzaha wa kukunja spoku ya baiskeli, kuna mtu ameshanishauri kwa uso mkavu kabisa. Ikichomoka inachimba silinda niliyoilipia.

Mpira wa petroli nimenunua hapa, wa gari, wenye nyuzi. Ule laini wa bodaboda sikutaka hata kuuona karibu na ile bloku, magnesiamu ikishika moto huizimi kwa ndoo. Thermostati ukiiona, ile ya mviringo inayotanuka, chukua. Ukiikosa siyo mbaya, springi inaziacha pazia za hewa wazi.

Ukipata, tia kwenye kopo, funga na gundi, mkabidhi dereva wa basi la Mtwara, namba yangu ya simu iandike kubwa. Nitumie bei ya kila kimoja nikurudishie kwa simu, na usiongeze cha juu, muuzaji nitampigia.

Msalimie shemeji na watoto. Korosho ulizoomba nitakutumia na dereva huyo huyo, zikiwa na maganda yake. Mtani habanguliwi.

Ni mimi,
mtani wako wa Mikindani