Usimtukane Kiner-Falefa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku Toronto hatujambo, ila mji mzima una sura ya matanga tangu Jumamosi ile usiku. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Nusu yake ni matusi, na karibu yote umemmiminia Isiah Kiner-Falefa, mchezaji wa timu yetu ya besiboli, Blue Jays, kwa namna tulivyopoteza fainali za ubingwa. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hutanipa nafasi nimalize.

Turudi kwenye raundi ya tisa, ile ya mwisho. Mechi ya saba ya fainali dhidi ya Dodgers, tuko 4-4, vituo vyote vitatu vina watu wetu, na ni mmoja tu aliyekwisha kutolewa. Kiner-Falefa, aliyeingizwa kukimbia badala ya Bo Bichette, yuko kituo cha tatu. Akifika nyumbani salama, yaani kituo cha mwisho cha kupata pointi, Blue Jays wanachukua ubingwa wa kwanza tangu 1993. Daulton Varsho anapiga mpira wa chini, unamfikia Miguel Rojas wa Dodgers. Rojas anayumba, nusura aanguke, anajizoa na kuutupa kwa mdakaji wao, Will Smith. Katolewa! Waamuzi wakarudia picha, uamuzi ukabaki vilevile. Ni kiasi cha unyayo tu. Nawe unauliza kwa nini alikuwa amegandia kituo kama kupe.

Alikuwa amegandia kwa sababu ya jana yake. Umesahau mechi ya sita ilivyokwisha? Tumo nyuma 3-1, raundi ya tisa, hakuna aliyetolewa, Addison Barger kapiga mpira ukanasa chini ya ukuta. Watu wawili, kituo cha pili na cha tatu. Ernie Clement akapiga juu, ukadakwa. Kisha Andrés Giménez akapiga kuelekea kushoto, Kiké Hernández akaja mbio akaudaka, na Barger alikuwa ameshaondoka mbali na kituo chake, wakati mpira ukidakwa mkimbiaji lazima arudi. Mpira ukarushwa kituo cha pili, mechi ikaishia hapo. Aliyeupokea pale kituoni ni nani? Rojas huyohuyo.

Basi usiku wa pili wakufunzi hawakutaka kuona kitu kile tena. Kiner-Falefa mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliagizwa asisogee mbali. Mtu katii agizo, wewe unamtukania wazazi!

Kama lazima uwe na hasira, zielekeze kwenye nusu ya kwanza ya raundi hiyohiyo ya mechi ya saba, walipokuwa wanapiga wao. Tulikuwa mbele 4-3, tumebakiza kuwatoa wawili tu. Anayepiga ni Rojas, wa mwisho kwenye orodha yao, mzee wa miaka 36 ambaye hakuna aliyemwogopa. Mrushaji wetu, Jeff Hoffman, akamrushia mpira wa kuzunguka, naye akautoa nje ya ukuta, ikawa 4-4. Pale ndipo ubingwa ulipotutoka. Hata Hoffman simtukani, ila nilizima taa ya sebuleni nikakaa gizani, mama yako akaniuliza kama naumwa.

Halafu mpe mtu haki yake, hata akiwa adui. Mrushaji wao, Yoshinobu Yamamoto, aliianza mechi ya sita, akarusha mipira 96. Kesho yake akaingia tena raundi ya tisa, akabaki mpaka ya 11. Mkono gani huo? Smith alipopiga ule mpira uliowaweka mbele 5-4 katika raundi ya 11, Vladimir Guerrero Jr. alitufungulia mlango tena upande wetu, akafika kituo cha pili. Kisha Alejandro Kirk akapiga, gongo likavunjika, wakatolewa wawili kwa mpigo, mechi ikaisha. Hiyo sikuhitaji marudio yake.

Na nakukumbusha, hii ni timu iliyotoka nyuma dhidi ya Seattle, kabla ya fainali, kwa pigo moja la George Springer, watu watatu wakafika nyumbani. Ni timu ambayo Barger aliwapiga Dodgers pigo la mikimbio minne akitokea benchi, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye fainali za ubingwa. Ulipiga kelele wewe usiku ule hadi sauti ikakukauka.

Guerrero ana mkataba wa miaka 14 unaoanza 2026, kwa hiyo huyo yupo. Ukija Desemba tutaitazama tena raundi ile ya tisa, nimeirekodi. Mama yako anakusalimu, anauliza kama lile koti zito limekufika.

Baba yako