Barua kwa mwanangu, kutoka Hefei

Mwanangu Rehema,

Salaam nyingi kutoka huku Hefei, mkoani Anhui, China. Mahafali ya kaka yako yamekwisha salama, joto tu ndilo linatutesa. Habari ya kazi yako halmashauri nimeipokea kwa furaha, ila uliposema wamekupanga kitengo cha manunuzi, nikaona nikuandikie.

Jana kaka yako alinipeleka kwenye ukumbi wa kumbukumbu ya Bao Zheng, ofisa wa zama za ukoo wa kifalme wa Song, anayesifika kwa kukataa rushwa, aliyezaliwa huku mwaka 999, akafariki 1062. Ukumbi wa zamani uliteketea vitani. Huu wa sasa ulijengwa 1882 kwa fedha za Li Hongzhang, kiongozi mkubwa serikalini wakati huo, naye mzaliwa wa Hefei. Watu hujazana kwenye mapanga makubwa matatu ya kukatia vichwa, lakini hayo yametoka kwenye hadithi na maigizo. Kipo pia kisima. Husemwa mla rushwa akinywa maji yake, kichwa kinamuuma papo hapo. Nimechungulia: jiwe la mdomoni limechimbika mifereji kwa kamba za kutekea. Maji sikuyagusa. Mimi ni mstaafu wa serikali, ya nini kujitafutia makubwa?

Lililonikaa ni la Duanzhou, kusini, alikokuwa mkuu wa jimbo. Huko hutengenezwa mawe ya kusagia wino yanayosifika China nzima, na kila mwaka kiasi fulani kilipelekwa kwa mfalme. Waliomtangulia walijificha nyuma ya ushuru huo wakawatoza watu mara makumi zaidi, ziada wakawahonga wakubwa. Bao akaagiza yachongwe ya kutosha ushuru, basi. Muda wake ulipokwisha, akaondoka bila hata jiwe moja. Moja tu, mwanangu, na yeye mtu wa kuandika kutwa! Nani angemlaumu?

Hakuna atakayekujia na begi la fedha wiki ya kwanza. Atakuja na kalenda, kisha vocha, Idi ikifika mbuzi, halafu siku moja atauliza tu, kwa upole, zabuni imefikia wapi.

Bao aliwaachia wanawe wosia: mzao wake akila rushwa kazini, asirudi nyumbani akiwa hai, wala asizikwe kwenye makaburi ya ukoo. Mimi ukali huo sina, nyumbani ni kwako siku zote. Lakini ndugu nao ni mtihani. Alipokuwa mkuu wa jimbo la kwao, mjomba wake alivunja sheria. Bao akaamuru achapwe viboko, na jamaa wote wakanywea.

Wewe fimbo huna. Baba yako mdogo ameshaniuliza kama utamsaidia ile zabuni ya madawati, nami nimeshamjibu. Akikupigia, msalimie vizuri, muulize hali ya bibi, kisha mwambie aombe kwenye mfumo kama wengine. Akinuna, anipigie mimi.

Baba yako