Wazee waulizwe kuhusu kunusa

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu kutumia picha za ubongo kutambua ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayovuruga mwendo wa mwili. Hapa Lamu wengi tunautambua mkono unapoanza kutetemeka. Kumbe wagonjwa wengi hupoteza uwezo wa kunusa miaka kadhaa kabla, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayopokea harufu huathirika mapema.

Mzee asiyesikia tena harufu ya udi wala asumini huambiwa ni uzee, au mafua. Huenda ni kweli, lakini apimwe kwanza. Mashine za picha ni ghali. Kuuliza ni bure. Idara ya afya ya kaunti iwaagize wahudumu wa zahanati wawaulize wazee kuhusu kunusa, na pia dalili nyingine za mapema kama shida za usingizi na kufunga choo, na wenye dalili wapelekwe kwa daktari wa ubongo.

Msomaji,
Langoni, Lamu